Baraza la Maalim: Alama ya Nyota Kiganjani

Toleo lililopita niliandika mistari michache, mwisho kabisa wa ukurasa, juu ya riwaya niliyokuwa nikimsomea mjukuu wangu: Number the Stars ya Mmarekani Lois Lowry. Sikutegemea kwamba mistari ile ingeniletea barua nyingi kiasi hiki. Nimezisoma zote, nyengine mara mbili, na nafasi yote ya mwezi huu nimewapa walioziandika. Walioniuliza mambo mengine naomba wanisubiri.

Kwa asiyeijua, riwaya hii ilitoka mwaka 1989 na imeandikiwa watoto wa miaka kumi hivi na kuendelea. Jina lake limetoka kwenye Zaburi ya 147, pale panaposemwa kwamba Mungu anaijua idadi ya nyota na kila moja anaiita kwa jina lake. Tuko Copenhagen, Denmark, mwaka 1943. Majeshi ya Ujerumani yameikalia nchi tangu Aprili 1940. Annemarie Johansen ana miaka kumi, na yeye na jirani yake Ellen Rosen ni chanda na pete. Ellen ni Myahudi. Zinapofika habari kwamba Wajerumani wanakuja kuwakusanya Wayahudi wote wa nchi ile, wazazi wa Annemarie wanamchukua Ellen ndani kwao na kumfanya binti yao.

*Assalamu alaikum Maalim. Binti yangu ana miaka 11, yuko Darasa la Sita. Shangazi yake anaishi London, alipokuja likizo alimletea hicho kitabu unachokisema. Kiingereza anakimudu, basi anasoma mchana na usiku anawahadithia wadogo zake. Sasa kila usiku anaamka kutazama kama mlango umekomewa. Mdogo wake wa miaka sita hataki kulala peke yake. Baba yao anasema kitabu kirudishwe kwa mwenyewe. Nifanye nini?*
*Mama wa watoto wanne, Wete*

Wa alaikumu salaam, mwanangu. Usikichukue kitabu. Na usidhani nimeiona ndogo hofu ya mtoto. Nimeiona kwangu, nyumba yangu mwenyewe.

Mjukuu wangu naye ana miaka 11. Huwa tunasoma kibarazani baada ya Isha, mimi nikimfasiria sentensi kwa sentensi. Usiku mmoja umeme ulikatika, tukawasha chemli tukaendelea. Tulikuwa tumefika pale askari wanapogonga mlango usiku wa manane. Ellen amelala na mkufu wake wa dhahabu shingoni, wenye nyota ya Daud, alama ya Wayahudi. Hajawahi kuuvua, na sasa kifungo hakifunguki, na viatu vya askari vinasikika vinakuja chumbani. Annemarie anaushika mkufu, anaukata, anaifumbata nyota. Anasimama mbele ya askari mkono umefungwa hivyo hivyo mpaka wanapoondoka. Akifungua, nyota imejichora kiganjani.

Mjukuu wangu alinyamaza. Kisha akaniomba ufunguo wa kabati la bibi yake. Akaufumbata, akaubana mpaka mkono ukamtetemeka, akaniambia, "Babu, hesabu." Nikahesabu mpaka mia. Alipofungua tuliona meno matatu ya ufunguo yamekaa pale juu ya ngozi, na kijiduara cha kichwa chake chini kidogo. Akausogeza mkono kwenye chemli. Tukangoja alama ifutike, ikachukua muda kuliko nilivyodhani. Hakulia. Aliniuliza, "Na askari angemwambia afungue mkono?"

Sikumjibu upesi, kwa sababu jibu nililijua. Nikamwambia kweli: kwa wengi, askari aliwaambia wafungue mkono.

Binti yako anayeamka kutazama komeo hajaharibiwa na kitabu. Amekielewa. Anachokikosa ni mtu mzima wa kuwa naye ndani ya ile nyumba ya Copenhagen. Sasa yumo peke yake, na juu ya hilo amejitwika kuwasimulia wadogo zake, na msimulizi hana wa kumshika mkono. Kwa hiyo kaa naye. Hujui Kiingereza? Bora zaidi. Mwambie akusomee na akufasirie wewe. Akisimama, simameni. Akitaka kurudia ukurasa, rudieni.

Kisha mwambie mwisho. Najua wako wanaosema hadithi huharibika ukiijua inakoishia, lakini mtoto mwenye hofu hana haja ya kushtukizwa. Mwambie leo hii: Ellen anavuka bahari na kufika Sweden salama. Utaona ataendelea kusoma vilevile, ila usiku atalala. Na msome alasiri au baina ya Magharibi na Isha, msimalizie kitandani.

Huyo wa miaka sita bado. Muombe dada yake ampe sehemu ya mashua na mjomba mvuvi, basi. Ya askari yangoje miaka minne.

Itafika siku binti yako atauliza kama wengine waliuawa. Kabla hajauliza, usimtangulizie idadi. Akiuliza, usimpunguzie: Wayahudi milioni 6 waliuawa na Manazi, watawala wa Ujerumani wa wakati ule, na washirika wao, na kati yao watoto wapata milioni moja na nusu. Mwambie mchana, mkiwa mmekaa, na siku hiyo usiwe na haraka ya kwenda popote. Na mumeo mpe salamu zangu. Mwambie Maalim anamuomba akae nao usiku mmoja tu, pale kwenye mkufu, kisha aamue yeye mwenyewe.

*Maalim, nakuheshimu, ulimfundisha kaka yangu. Lakini safari hii sikukuelewa. Watoto wa Gaza tunawaona kwenye simu zetu wakitolewa chini ya kifusi. Wewe unatuletea watoto wa Kiyahudi wa miaka themanini nyuma. Kwa nini mtoto wa Kiislamu wa Zanzibar afundishwe kuwalilia hao?*
*Kijana wa Mjini, Unguja*

Mdogo wangu, swali lako nimekaa nalo siku nne. Nakushukuru kwa kuliandika, maana najua wako wengi wanaolisema barazani na hawaliandiki.

Picha hizo za simu nami naziona. Watoto wale nawaombea kila siku, na siku nyengine nashindwa kula. Sitakuambia upunguze hata tone la uchungu huo. Ila Ellen Rosen ana miaka kumi mwaka 1943. Hajamkosea mtu. Hana nchi, hana ndege, hana bunduki, ana mkufu aliopewa na baba yake. Dola la Israel liliundwa mwaka 1948, na yanayotendwa leo yana watu wazima waliokaa vitini wakayaamua. Kumtoza mtoto huyu deni la hao ni fikra ileile iliyoujaza ukumbi wa nyumba yake askari.

Nikuletee mtu wetu. Mwaka 1904 alizaliwa Dar es Salaam mtoto aliyeitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, na Vita vya Kwanza vilipozuka naye akaingizwa jeshini angali mtoto. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa, akabaki hukohuko. Alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alihudumu mezani katika jumba la starehe, aliigiza vijisehemu katika filamu, na alifundisha Kiswahili. Lugha hii hii tunayoandikiana mimi na wewe, aliwafundisha Wajerumani darasani. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen karibu na Berlin. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Leo mbele ya nyumba aliyoishi Berlin pamewekwa jiwe dogo la shaba lenye jina lake.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kufundisha Historia miaka 20, na hakuna aliyeniambia. Tulikuwa tukisema "vita vya wazungu" tukafunga daftari. Kumbe ndani ya kambi zile alikuwemo mtu ambaye ungempigia hodi angekujibu karibu.

Na upande wa pili. Daktari Mohamed Helmy, Mmisri aliyezaliwa Khartoum mwaka 1901, alikuwa akiishi Berlin. Manazi walikwishamweka kizuizini yeye mwenyewe, na bado alimficha msichana wa Kiyahudi, Anna Boros, mpaka vita vikaisha. Mwaka 2013 aliingizwa katika orodha ya Yad Vashem, jumba la kumbukumbu la Israel, ya watu waliowaokoa Wayahudi, Mwarabu wa kwanza kuingia humo. Nchi ya Albania, ambayo watu wake wengi ni Waislamu, ilimaliza vita ikiwa na Wayahudi wengi kuliko iliokuwa nao kabla ya vita. Waliwavisha nguo zao, wakawapa majina yao, wakasema huyu ni mgeni wangu na mgeni hatolewi. Mgeni hatolewi, mdogo wangu. Jambo hilo Mpemba hafundishwi na mtu.

Aya ya 32 ya Suratul Maida unaijua kwa moyo, ile ya anayeua nafsi moja na anayeiokoa nafsi moja. Irudie, utazame inavyoanza na inawataja akina nani.

Mjukuu wangu alipomaliza sura ya mkufu, kesho yake aliona kwenye simu ya mama yake picha za Gaza. Aliniuliza, "Na hawa, babu, nani anawaficha?" Kabla ya riwaya ile alikuwa akizipitisha picha hizo kwa kidole.

*Maalim, mimi ni mwalimu, nataka kuisoma riwaya hii na wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza. Neno la Kiswahili la Holocaust ni lipi hasa? Na ni wapi niwe na tahadhari wasije wakaelewa sivyo?*
*Mwalimu, Makunduchi*

Mwalimu mwenzangu, umeniuliza kitu ninachokipenda.

Wako wanaoandika Holokosti, na si kosa. Asili yake ni Kigiriki, sadaka inayochomwa yote mpaka majivu, na kwa sababu hiyo Wayahudi wengi hawalipendi. Nani aliyetoa sadaka, na kwa mungu gani? Wao husema Shoah, yaani maangamizi. Basi neno tunalo. Mimi husema Maangamizi ya Wayahudi, na darasani baada ya siku ya kwanza nasema Maangamizi tu. Linatoka katika kuangamiza, na mwanafunzi anasikia mara moja kwamba yuko aliyetenda.

Tahadhari kubwa iko kwenye maneno madogo. Geto, kwa mfano. Kwa vijana wetu geto ni chumba cha kijana asiyeoa, redio na godoro chini. Ukiwaambia Wayahudi wa Warsaw walikaa geto, watacheka, na huwezi kuwalaumu. Waeleze kwanza: mtaa uliozungushiwa ukuta, lango lina bunduki, na ndani yake, pale Warsaw, zaidi ya watu 400,000 wamefungiwa tangu Novemba 1940. Njaa na maradhi vikaanza kazi kabla ya treni za kuwapeleka kambi za kuuawa kufika.

Kambi ni zaidi. Wanafunzi wetu kambi ni ile ya kulala skuli kujiandaa na mtihani, kila mmoja na ndoo yake na kitunga cha chakula kutoka nyumbani. Wanaipenda. Nilipofundisha somo hili, mtoto mmoja aliniuliza kwa dhati kabisa kama wazazi waliruhusiwa kuleta chakula siku ya Ijumaa. Ubao mzima wa maelezo yangu haukuwa umemfikia. Tangu siku ile nilianza kwa kuwaomba waniambie kambi yao ina nini: ndoo, kitunga, mwalimu wa zamu, siku ya kurudi nyumbani. Kisha naliandika kila moja ubaoni, na moja moja nalifuta, na siku ya kurudi nyumbani naifuta mwisho.

La tatu si neno, ni jambo la historia. Denmark haikuwa kawaida. Mtoto akisoma riwaya hii peke yake anaweza kudhani majirani wa Ulaya nzima waliwaficha Wayahudi wao. Mpe mambo yalivyokuwa. Mwishoni mwa Septemba 1943 Mjerumani mmoja wa ubalozini, Georg Ferdinand Duckwitz, aliivujisha siri ya msako kwa wanasiasa wa Denmark. Asubuhi ya tarehe 29, Rabi Marcus Melchior akawaambia waumini wake hekaluni waende majumbani, waambie kila mtu, wajifiche. Msako ulifanyika usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba, askari wakakuta milango mingi haina mtu. Katika wiki chache Wayahudi wapatao 7,200 walivushwa kwenda Sweden kwa mashua za uvuvi. Mlango ule wa bahari, Øresund, pale unapobana hasa ni kama kilomita 4. Kutoka Forodhani mpaka Changuu ni zaidi ya hapo. Waambie watoto wasimame ufukweni watazame.

Lakini waambie pia kwamba wavuvi wengi walichukua nauli, na nauli ilikuwa kubwa. Wako waliofanya bure na wako waliolipwa, na waliolipwa nao walihatarisha mashua na shingo zao. Waambie kwamba pale Gilleleje, kijiji cha wavuvi ambako riwaya inampeleka Annemarie kwa mjomba wake, watu kama 80 walijificha juu ya dari ya kanisa, na usiku wa kuamkia tarehe 7 Oktoba walikamatwa. Waliokamatwa Denmark nzima ni kama 470, wakapelekwa kambi ya Theresienstadt. Halafu fungua ramani uwaonyeshe Uholanzi, si mbali: kati ya Wayahudi wapatao 140,000, zaidi ya 100,000 waliuawa. Ukiwa na dakika tano zimebaki, teremsha kidole mpaka kwenye bahari yetu, Mauritius. Waingereza waliwafunga huko, katika gereza la Beau Bassin, zaidi ya Wayahudi 1,500 waliokimbia Ulaya wakazuiwa kuingia Palestina. Walikaa humo tangu mwisho wa 1940 mpaka 1945, na makaburi ya waliofia kule yapo mpaka leo.

*Nilisikia kwamba mfalme wa Denmark alivaa nyota ya njano ili kuwaunga mkono Wayahudi. Ni kweli?*
*Msomaji, Chake Chake*

Si kweli, ingawa ni hadithi nzuri na imezunguka dunia. Amri ya Wajerumani ya Wayahudi kuvaa nyota ya njano haikutolewa kabisa Denmark, basi mfalme angevaa nini. Kilicho kweli ni kwamba Mfalme Christian X alikuwa akipita mitaa ya Copenhagen juu ya farasi wake, bila mlinzi, na nchi imekaliwa. Hilo limo katika riwaya.

*Maalim, mwaka 2001 mama alivuka kwenda Shimoni akiwa nami mgongoni, nina mwaka mmoja. Hapendi kulisema. Uliposema kitabu kinahusu watu kukimbia kwa mashua nililia. Je, ni dhambi kufananisha?*
*Mwana wa Micheweni*

Mwanangu, barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa.

Januari ile ya mauaji ya waandamanaji nami nilikuwepo. Shemeji yangu alikuwa miongoni mwa watu wapatao 2,000 waliovuka kutoka kisiwa hiki cha Pemba kwenda Shimoni, Kenya, kwa mashua na ngalawa. Kwa siku kumi na moja hatukujua kama yuko hai. Mke wangu alikuwa akipika chungu kilekile, sahani ya kaka yake anaipakua, anaifunika, na asubuhi anaimwaga. Kwa hiyo siyasemi haya kwa mbali.

Kulinganisha, sikushauri. Maangamizi yalikuwa mpango wa dola wa kulimaliza kabila zima, mpaka mtoto wa siku moja, bara zima, kwa ofisi na ratiba za treni. Yaliyotufika sisi hayakuwa hayo, na wewe hukusema ndiyo. Tukiyaweka kwenye mizani moja tunawadhulumu wao, na tunajidhulumu sisi, maana msiba wetu hauhitaji kuazima ukubwa wa mwengine ili uhesabiwe.

Lakini kukitambua kitu, hiyo si dhambi. Katika riwaya kuna mtoto mchanga anayepewa dawa ya usingizi kabla ya kuingizwa mashuani, asije akalia. Mambo kama hayo yalifanyika kweli Denmark. Nilipofika hapo nilimuona shemeji yangu, aliyetusimulia miaka mingi baadaye kwamba ndani ya ngalawa mama mmoja alimnyonyesha mwanawe njia nzima, maziwa yamekwisha na mtoto ameng'ang'ania tu, kwa sababu akiachia angelia. Labda mama huyo ni wako. Labda si wako.

Nimegundua pia kwamba tarehe 27 Januari, ambayo sisi tuna yetu ya kuikumbuka, ndiyo siku kambi ya Auschwitz ilipokombolewa mwaka 1945, na Umoja wa Mataifa umeifanya siku ya kuwakumbuka waliouawa. Nakuambia tu.

Usimlazimishe mama. Kaa naye jikoni, umhadithie habari za Annemarie na mjomba wake, kama hadithi ya watu wa mbali. Kisha nyamaza. Akisema, msikilize, na usitoe simu kumrekodi mara ya kwanza. Mara ya pili muombe ruhusa. Ukiandika, niletee nikusahihishie, nami sitalitaja jina lake kwa mtu.

*Shikamoo Maalim. Mimi niko Darasa la Tano. Mjomba ananisomea kitabu hicho. Je, Annemarie alikuwepo kweli? Na kitambaa kiliwapumbaza mbwa kweli?*
*Mwanafunzi, Mkoani*

Marahaba, mjukuu wangu.

Annemarie hakuwepo. Mwandishi alimbuni. Ila alikuwa na rafiki aliyekulia Copenhagen wakati wa vita, na mengi aliyasikia kwake: baridi ndani ya nyumba, njaa, askari mitaani. Vitu hivyo vya kweli akampa mtoto wa kubuni avibebe.

Kitambaa ni kweli. Naona mjomba wako amekwisha kukufikisha pale Annemarie anapokimbia msituni na kikapu, ndani mna mkate na jibini, na chini kabisa pakiti asiyoijua ina nini. Askari wanamsimamisha, mbwa wao wananusa. Ndani ya pakiti mna kitambaa cha mkono tu, askari wanakitupa chini kwa dharau. Kumbe kimepakwa unga wa damu kavu ya sungura uliochanganywa na kokeini. Harufu ya damu inamvuta mbwa, anaweka pua karibu, anavuta kwa nguvu, na ile dawa inamtia ganzi puani. Baada ya hapo hasikii harufu ya mtu wala ya samaki. Wataalamu wa Sweden ndio walioutengeneza unga huo, na manahodha walikuwa wakikaa na vitambaa hivyo mashuani. Mbwa wakipandishwa, nahodha anatoa kitambaa chake kama mtu mwenye mafua.

Mimi nimezaliwa Kojani, baba yangu alikuwa mvuvi wa kwenda dago, na nilidhani najua kila pembe ya mashua. Tulipomaliza kitabu tulikwenda Tumbe, mimi na mjukuu wangu, asubuhi mashua zinapoteremsha samaki. Alimwamkia nahodha mmoja mzee, akamuuliza kama angepaswa kumficha mtoto wa miaka kumi angemweka wapi. Nilidhani atacheka. Alimtazama kimo, akaingia mashuani, akasogeza nyavu na madumu karibu na tezi, akatoa ubao, akatuonyesha uwazi usiotimia dhiraa mbili. "Hapa," akamwambia. "Magoti kifuani. Na samaki juu yako."

Ukimaliza, nenda bandarini na mjomba wako, umuulize nahodha wa huko. Halafu niandikie amekuonyesha wapi.